The Driller Killer: walihukumu muvi au walihukumu kava?

Kuna picha moja, mwanaume kaachama mdomo, macho kayatoa, drili ya umeme imezama katikati ya paji la uso na damu inamshuka usoni. Mwaka 1982 picha hiyo ilijaa ukurasa mzima kwenye majarida ya video ya Uingereza, alafu ikawa ndo kava la kaseti, na kaseti zikapangwa kwenye rafu za maduka ya kukodisha, mtoto kaingia na baba yake kurudisha katuni anakutana nayo uso kwa uso. Muvi yenyewe inaitwa The Driller Killer, imetengenezwa New York na Abel Ferrara kwa hela kiduchu kabisa, ikatoka 1979, na ndani ya miaka kama miwili tu tangu lile tangazo bunge la Uingereza lilikuwa limeshapitisha sheria mpya nzima ya video. Mike Bor, aliyekuwa mkaguzi mkuu pale BBFC, bodi yao ya filamu, alikuja kusema kwamba muvi hii karibu peke yake ndo iliyosababisha sheria ile ya 1984.

Mimi nimeiona mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kopi mbovu, giza tupu, sura za watu huzioni unasikia makelele tu, na mara mbili zilizofuata nimeiona kwenye ile Blu-ray ya Arrow Video ya 2016 ambayo binamu yangu anayeishi Leicester alinitumia. Na kila nikiimaliza narudi palepale, hivi wale watu walikuwa wanahukumu nini hasa? Nauliza kwa moyo wote manake wengi wanaoisimulia hii stori wameshachagua upande mapema, ama wazazi wa Uingereza walikuwa watu wa kuogopa kivuli chao ama wauza kaseti walikuwa mashetani, na mimi nikikaa nikaangalia kilichotokea naona pande zote mbili zilikuwa na hoja ya maana, na zote mbili zimemsahau mtu mmoja, huyohuyo aliye kwenye picha.

Tuanze na muvi. Wengi wanaoijua kwa jina hawajaiona, na asiyeiona anadhani ni saa moja na nusu ya kutoboana. Siyo hivyo kabisa. Reno Miller ni mchoraji, anaishi karibu na Union Square na mpenzi wake Carol na binti mwingine anaitwa Pamela, kodi hawajalipa, bili zinarundikana, na Reno kashikilia mchoro mmoja mkubwa wa nyati wa Marekani ambao kila siku anasema bado kidogo, bado kidogo, na tumaini lote la hiyo nyumba ni kwamba bwana Dalton mwenye galari akiununua basi wametoka. Kisha kwenye jengo linahamia bendi la panki, Tony Coca-Cola na wenzake, wanapiga gitaa usiku na mchana, ukuta unatikisika, jamaa halali, anamfuata mwenye nyumba kulalamika na mwenye nyumba badala ya kumsaidia anampa sungura aliyechunwa akapike. Wakati huohuo kwenye tivii kuna tangazo la mkanda wa betri unaoweza kuuvaa kiunoni ukatumia vifaa vya umeme popote bila waya. Hapo unaelewa inapoelekea. Na Reno anapotoka usiku na ile drili hawafuati hao wanamuziki, hamfuati mwenye nyumba. Anawafuata walevi na watu wanaolala nje.

Huyo Reno anaigizwa na Ferrara mwenyewe, kajiandika Jimmy Laine, alikuwa bado hajafika miaka thelathini. Stori imeandikwa na Nicholas St. John, kamera ni Ken Kelsch, muziki Joe Delia, watu ambao waliendelea kufanya naye kazi miaka mingi baadae, kwahiyo hili siyo kundi la wababaishaji waliokutana mara moja wakapiga hela wakatawanyika. Ferrara huyu ndo aliyekuja kufanya Ms. 45 mwaka 1981, King of New York mwaka 1990, Bad Lieutenant mwaka 1992. Walitumia filamu ya milimita 16, walipiga kwa vipande vipande kadiri hela ilivyopatikana, na mwanzoni kabisa kabla ya kitu chochote kuna maandishi yanakwambia muvi hii ipigwe kwa sauti kubwa.

Na jiji lenyewe. New York mwaka 1975 ilikaribia kufilisika kabisa, huduma zikakatwa, hospitali za wagonjwa wa akili zilishakuwa zinawatoa watu bila kuwaandalia pa kwenda, mitaa ya chini ikajaa wanaume wanaolala kwenye vizingiti vya milango. Ferrara hakuhitaji kujenga seti. Alitoka nje akawasha kamera. Kuna vipande virefu vya watu wa mtaani wanaongea peke yao, wanagombana, wanacheka na hewa, ambavyo ukivitoa humo ukaviweka peke yake utasema ni dokumentari ya jiji linalokufa. Huo ndo moyo wa muvi kwangu mimi. Reno akiwaangalia wale watu anaona kesho yake, mchoro ukikataliwa na yeye ndo huyo hapo kwenye boksi, na kichaa chake kinaanzia kwenye hiyo hofu, anaua kile anachoogopa kuwa.

Sisemi ni muvi kamili. Katikati inachosha, bendi inapewa muda mrefu kupita kiasi (najua kuna wanaopenda hizo sehemu za panki kuliko zote, mimi hapana), na kuna usiku mmoja anaua mfululizo mpaka vifo vinakuwa vya kuhesabu tu, huyu, huyu, na huyu, hujui lolote kuhusu yeyote. Hapo nitaparudia. Lakini mwisho wake, Carol akiwa amerudi kwa mume wake wa zamani, giza, anaingia kitandani anadhani aliyelala pale ni mumewe, na skrini inabaki rangi tu na sauti yake, hakuna drili, hakuna damu, ule mwisho umetengenezwa na mtu anayejua anachofanya.

Sasa nenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 80. Deki zimeingia majumbani kwa kasi, studio kubwa za Hollywood zinasitasita kuachia muvi zao kwenye kaseti zikiogopa wizi, na huku sehemu za kukodisha zinafunguliwa kila mtaa, mpaka duka la magazeti na kituo cha mafuta kina rafu yake ya kaseti. Rafu ni lazima zijae, kwahiyo wasambazaji wadogo wakanunua muvi za bei chee za Italia na za Marekani ambazo nyingine hata kwenye kumbi hazikufanya lolote. Na hapa ndo penyewe pa kuelewa, BBFC ilikuwepo tangu 1912 lakini kazi yake ilikuwa sinema za ukumbini, kaseti hazikuwa na sheria ya kuzikagua wala alama ya umri ya lazima. Kampuni iliyoleta The Driller Killer iliitwa VIPCO, na kwenye soko ambalo kaseti mia zimepangwa pamoja na mteja hajui hata moja, kinachouza ni kava. Wakachukua ile sekunde moja ya paji la uso wakaifanya ndo sura ya muvi nzima, na chini yake maneno kwamba damu inatiririka kama mito na drili inaendelea kuchana nyama na mifupa.

Malalamiko yakaenda kwa mamlaka inayosimamia matangazo, Mei 1982 magazeti makubwa yakaanza kuandika juu ya ukatili unaoingia majumbani, Daily Mail ikaanzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku, mwanaharakati wa maadili Mary Whitehouse na chama chake cha watazamaji wakalibeba, na mwaka 1983 wabunge wakaonyeshwa vipande vilivyokatwa kwenye muvi mbalimbali, damu tu bila stori, wengine wakatoka wakiwa hoi. Zikapewa jina, video nasties, yaani video za kinyaa, na jina likishapatikana basi hakuna tena anayeuliza hii ni ipi na ile ni ipi.

Nianze na wazazi, na nataka niwatendee haki manake mara nyingi wanaopenda hizi muvi wanawapita haraka. Mzazi wa 1982 hakuwa na chochote cha kumsaidia. Ukumbini kuna mtu mlangoni anakwambia huyu mtoto haingii, nyumbani hakuna mtu mlangoni, na dukani anayekodisha ni kijana wa zamu anayetaka tu kadi ya uanachama. James Ferman aliyekuwa mkurugenzi wa BBFC alikuwa na hoja nyingine ambayo mimi naona ni nzito, kwamba kaseti siyo sawa na sinema, ukumbini unaona tukio mara moja likiwa ndani ya stori yake, ila kwenye deki mtu anaweza kurudisha nyuma, akarudia tukio lilelile mara kumi, akaliangalia peke yake likiwa limekatwa kutoka kwenye kila kinacholipa maana. Na kuna la tatu ambalo ndo kubwa kuliko yote, nalo halihusu muvi hata kidogo. Kuangalia muvi ni hiari, kuona kava siyo hiari. Mtu mzima aliyeamua kukodi The Driller Killer akaenda nayo kwake hajamkosea mtu, lakini ile picha kwenye ukurasa mzima na kwenye dirisha la duka ilimfikia kila aliyepita, aliyetaka na asiyetaka, na mtoto wa miaka mitano ambaye hata kusoma jina la muvi hawezi ile picha anaisoma vizuri sana.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Sisi tuliokulia enzi za vibanda umiza tunajua ile mbao ya nje yenye makava na mabango, unapita kutoka shule, hela ya kuingia huna, lakini picha unaondoka nayo na usiku inakuja. Kuna bango moja la zombi lilinikosesha usingizi wiki nzima na mpaka leo hiyo muvi sijaiona. Kwahiyo nikisoma kwamba mama wa Manchester alilalamika siwezi kumcheka.

Upande wa pili sasa. Waliobanwa kwanza hawakuwa waliochagua ile picha. Polisi walitumia sheria ya machapisho ya aibu ya mwaka 1959, sheria iliyowekwa enzi za vitabu, yenye kipimo kwamba kitu kina tabia ya kupotosha na kuharibu maadili ya atakayekiona, na kila eneo polisi walikuwa na tafsiri yao. Wakaanza kuvamia maduka. Mwenye duka dogo aliyenunua kaseti kihalali, kutoka kwa msambazaji halali, anaamka asubuhi kaseti zake zinabebwa kwenye mifuko na hajui ni ipi yenye kosa. Kuna mahali walibeba The Best Little Whorehouse in Texas, ambayo ni muvi ya nyimbo na vichekesho ya Dolly Parton na Burt Reynolds, kisa jina. Walibeba The Big Red One, muvi ya vita vya pili vya dunia. Majina tu yaliwatia wasiwasi. Wenye maduka wakalia waambiwe basi zipi haziruhusiwi, na mwaka 1983 mkurugenzi wa mashtaka akatoa orodha, orodha ikawa inabadilika kila mara, nyingine zinaongezwa nyingine zinatolewa, ukijumlisha zilipita humo muvi 72 na kati ya hizo 39 ndo zilizopatikana na hatia mahakamani. The Driller Killer ipo kwenye hizo 39. The Evil Dead, muvi nyingine ya kutisha, ilipelekwa mahakamani sehemu tofauti na majibu yakapishana, kaseti ileile, mkanda uleule, mji huu ni kosa mji ule siyo kosa. Na mwaka 1984 David Hamilton-Grant, msambazaji wa muvi nyingine ya kuchinjana inayoitwa Nightmares in a Damaged Brain, alifungwa jela kwa sababu ya kaseti. Jela jamani. Kwa muvi ambayo toleo lake lililokatwa kidogo tu lilishapitishwa kwa ajili ya kumbi.

Ukiniuliza mimi hapo ndo wazazi wanapopoteza kesi, siyo kwenye hofu yao bali kwenye walichokubali kifanywe kwa jina la hofu yao. Waliosimama kupiga kelele wengi hawakuwa wameziona hizo muvi, wengine walitamba kabisa kwamba hawahitaji kuziona. Mbunge Graham Bright aliyepeleka muswada alisema kwenye televisheni kwamba utafiti unaendelea na utaonyesha hizi muvi zinaathiri siyo vijana tu bali hata mbwa. Ulitolewa uchunguzi wa watoto na video uliosema sehemu kubwa sana ya watoto wadogo wameshaziona hizi muvi, magazeti yakaubeba, alafu watafiti wengine walipowauliza watoto kuhusu muvi ambazo hazipo kabisa duniani, majina ya kutunga, watoto kibao wakasema ndiyo tumeziona. Mtoto ukimuuliza umeiona ile ya kutisha atasema ndiyo, nani anataka kuonekana mwoga mbele ya wenzake? Sheria ya kumfunga mtu ilitakiwa isimame juu ya kitu kigumu kuliko hicho. Na haikuishia hapo, mwaka 1993 watoto wawili wa miaka kumi walimuua mtoto wa miaka miwili kule Liverpool, jaji akagusia video za ukatili, magazeti yakaikamata muvi ya kutisha ya Child's Play 3, na polisi walipoulizwa wakasema hakuna ushahidi kwamba wale watoto waliiona, lakini sheria ikakazwa tena mwaka uliofuata.

Hata hivyo siwezi kuwaacha wasambazaji watoke safi, na hapa natofautiana na wengi wanaoipenda hii muvi kama mimi. Utasikia wanasema Driller Killer ilionewa, ilifungiwa kwa sababu ya kava tu, Brad Stevens aliyeandika maisha ya Ferrara anasema karibu hivyohivyo, na ni kweli. Ila kava lilitoka wapi? Halikutengenezwa na Daily Mail. VIPCO walikaa wakaangalia dakika tisini na kitu za muvi, wakaona mchoraji anayeogopa umasikini, wakaona jiji, wakaona ule mwisho wa giza, na katika hivyo vyote wakasema tunachouza ni hiki hapa, kichwa cha mtu kinatobolewa. Wao ndo walikuwa wa kwanza kuipunguza muvi ikawa picha moja. Polisi na magazeti walikuja wakaichukua kama walivyouziwa. Msambazaji ambaye ametangaza damu kama mito hawezi baadae akasimama mahakamani akasema mheshimiwa hii ni sanaa inayohusu upweke wa mjini, hata kama ni kweli, na kwenye hii muvi kweli ilikuwa ni kweli. Ferrara alikuwa New York wala hakuulizwa.

Na wote wawili walipata walichotaka kwa namna fulani. Kampeni ilipata sheria. Na wauzaji wa kinyaa wakapata tangazo la bure, manake ile orodha ya serikali iligeuka kuwa orodha ya kutafutia, vijana waliikariri, kaseti zikarudufiwa kwenye deki mbili nyumbani, kopi ya kopi ya kopi, mpaka muvi ambayo pengine ingesahaulika kwenye rafu ikawa hadithi. Aliyeumia ni mwenye duka na mtazamaji wa kawaida. Baada ya Sheria ya Rekodi za Video ya 1984 kila kaseti ilibidi ikaguliwe na ilipiwe ada, kampuni ndogo nyingi zikashindwa, na The Driller Killer ikapotea kabisa kihalali mpaka 1999 ilipotoka ikiwa imekatwa, na 2002 ndo ikapita nzima bila kukatwa hata kipande. Kilichobadilika katikati hapo siyo muvi. Muvi ni ileile. Na mwaka 2009 ikaja kugundulika kwamba serikali ya 1984 haikuwa imeipeleka ile sheria kwa tume ya Ulaya kama utaratibu ulivyotaka, kwahiyo miaka yote hiyo haikuwa na nguvu ya kumshtaki mtu, ikabidi ipitishwe upya 2010. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yule mwenye duka.

Kwetu hili siyo jambo la mbali sana. Sheria iliyotumika Kenya kuizuia muvi ya Rafiki mwaka 2018 ni ya filamu na michezo ya jukwaani ya mwaka 1962, Mwingereza bado hajaondoka, na mahakama ilipofungua mlango kwa siku saba tu kumbi zilijaa mpaka watu wakakosa tiketi. Rafiki haina tone la undugu na Driller Killer, ni muvi ya mapenzi, lakini yale mazoea ya kuamini kwamba ukikifungia kitu kimeisha ni yaleyale.

Sasa yule mtu wa kwenye picha. Nimesoma hii mabishano miaka na miaka, upande mmoja unasema watoto, upande mwingine unasema uhuru, na sijaona hata mmoja anayesimama kuuliza yule anayetobolewa ni nani. Ni mtu asiye na makazi. Kwenye muvi yupo nje usiku, hana silaha, hana pa kukimbilia. Bunge zima lilikaa kujadili madhara ya kuangalia kifo chake kwa watu wenye nyumba, wenye deki na wenye sofa, na nje ya lile bunge palikuwa na watu wanalala kwenye vibaraza. VIPCO walikiuza kichwa chake. Na Ferrara naye, hapa ndo nilisema nitaparudia, anawapa hawa watu muda mtaani, anawasikiliza kuliko wengi wa wakati wake, alafu ukifika ule usiku wa mauaji anawageuza kuwa idadi. Nimejaribu kumtetea, nikajiambia labda ndo jicho la Reno, Reno ndo asiyewaona kama watu na kamera inamfuata yeye. Inawezekana. Lakini muvi inayotaka tuogope jiji linalokula watu wake ilitakiwa walau mmoja wao tumjue vya kutosha kumlilia, na hatumjui hata mmoja. Huo ndo ubaya wa kimaadili ninaouona kwenye Driller Killer, na ni ubaya ambao hakuna sheria ya kukagua kaseti ingeweza kuugusa, manake hauko kwenye damu. Ukikata sekunde za drili, kama walivyofanya 1999, unabaki palepale, na kiukweli unauzidisha, kwa sababu sasa watu wanatoweka tu bila hata kuumia.

Ndo maana lile toleo la Arrow la 2016 nalipima kwa kipimo hiki na siyo kwa ubora wa picha peke yake. Kwa upande wa kazi wamefanya kazi. Walirudi kwenye negativu za asili wakazisafisha kwa 4K, wameweka muvi ya kumbini na ile ya awali iliyo ndefu kidogo, na kuna maelezo ya Ferrara mwenyewe yanayokwenda sambamba na muvi. Wapo wanaosema ni dhambi kuisafisha muvi chafu, kwamba Driller Killer ni ya kuonwa kwenye mkanda uliochoka na mistari inapita, na ile hamu naielewa, ndivyo walivyokutana nayo. Lakini mimi niliyeanza na kopi ya giza nawaambia, kuna kitu hicho giza lilikuwa linakificha. Kwenye kopi mbovu wale wanaolala nje ni vivuli, mafungu ya nguo yanayopiga kelele. Kwenye hii wana sura. Yule anayetetemeka kituoni, yule mwenye mchirizi wa jasho kwenye vumbi la shavu, unaona meno yaliyong'oka, unaona jamaa anamtazama mpiga kamera kabla ya kuangalia pembeni. Kwa mara ya kwanza niliona aibu kidogo kuangalia, siyo aibu ya damu, aibu ya kumkodolea macho mtu aliyekwama. Ule usiku wa mauaji ukawa mgumu zaidi kuuvumilia kuliko zamani, na nadhani ndivyo ulivyotakiwa kuwa siku zote. Kumbe usafi wa picha umeifanyia muvi kile ambacho Ferrara hakukimalizia.

Kwahiyo alama ya umri naiunga mkono, bila kusita, 18 na iandikwe kubwa, na tangazo la barabarani liwe na kipimo kikali kuliko muvi yenyewe kwa sababu tangazo halimuombi mtu ruhusa. Kufungia muvi kwa mtu mzima siungi mkono, na kumpeleka mtu jela kwa sababu ya kaseti lilikuwa kosa mwaka 1984 na lingekuwa kosa leo.

Ya kwangu ipo rafu ya juu kabisa pale sebuleni, imegeuzwa kava linaangalia ukutani, manake nina mtoto wa miaka sita na anapenda kuvuta vitu. Wiki iliyopita aliniuliza ile ya kule juu ni katuni gani. Nikamwambia ni ya baba, ya usiku.